Mti wa Krismasi wa futi 6: taa ngapi zinatosha?

Habari wakuu. Mti ni wa plastiki, futi 6, unakaa kona ya sebule. Waya mmoja wa LED una balbu 100, urefu mita 10. Ninunue nyaya ngapi?

— Kanuni inayotumika sana ni balbu 100 kwa kila futi, yaani nyaya 6. Ila mti wa kona mgongo wake hauonekani, nne zinatosha. Anzia chini karibu na soketi. Ingiza waya hadi shinani, kisha urudishe mpaka nchani mwa tawi. Ukizungusha kwa nje tu, katikati panabaki giza, hata ukiweka balbu 1,000.

— Nne, naunga mkono. Ziwashe sakafuni kwanza, mkuu! Kipande kimoja kikigoma huku kingine kinawaka, tafuta balbu iliyolegea, maana zimeungwa kwa mfululizo, yaani umeme unapita balbu moja hadi nyingine kwenye njia moja.

— Usiunganishe nyaya kupita idadi iliyoandikwa kwenye boksi. Taa zile za zamani zinazopata joto, balbu 100 hula wati 40 hivi. Ukizidisha, fyuzi inakatika. LED hula wati chache tu.