Sheria ya noti bandia: tuongeze adhabu, au tumlinde anayeisalimisha?

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, hoja iliyoletwa ni kwamba noti bandia zinaendelea kuzunguka kwa sababu adhabu ni nyepesi, hivyo iongezwe. Naipinga, ingawa uchungu ulioizaa naujua.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tayari inaruhusu aliyeghushi noti afungwe maisha, na aliyekutwa nayo huku akijua kuwa ni ya kughushi afungwe hadi miaka saba. Juu ya kifungo cha maisha tutaongeza nini?

Mtazameni mama anayeuza ndizi soko la Kilombero. Alfajiri, kwenye mwanga hafifu, anapokea noti ya shilingi 10,000 kutoka kwa mteja mwenye haraka, na hana nafasi ya kuiinua atafute sura ya Mwalimu Nyerere iliyofichwa ndani ya karatasi, wala ya kupapasa maandishi yaliyonyanyuka. Akiigundua jioni, anaweza kuipeleka benki au polisi, ambako hatafidiwa hata senti na huenda akahojiwa kama mtuhumiwa, au anaweza kuichomeka katikati ya noti nyingine na kumlipa mtu wa bodaboda. Wengi wetu tunajua ni lipi hufanyika. Hapo ndipo mtu aliyeibiwa anapogeuka mkosaji, na kila mkono unaoipokea unazidi kuifuta njia ya kumfikia aliyeichapa. Adhabu kali zaidi itamtisha mama huyu kabla ya kumtisha mchapaji.

Napendekeza sheria itamke wazi kwamba anayesalimisha noti bandia kwa hiari, ndani ya muda uliowekwa, apewe stakabadhi, aandikwe maelezo ya mahali na siku aliyoipata, na asishtakiwe kwa noti hiyo. Maelezo hayo yana thamani kubwa, kwa kuwa waghushi mara nyingi hurudia namba ileile kwenye noti nyingi. Noti mbili zenye namba moja, moja ikitoka Kilombero na nyingine kwa wakala wa fedha za simu pale Mbuyuni, Moshi, zinampa mpelelezi pa kuanzia. Benki Kuu ina tawi hapa Arusha, na kumbukumbu hizo zingeweza kukusanywa huko.

Kuna atakayesema kwamba wahalifu watajificha nyuma ya kinga hiyo. Ndiyo maana iwe ya noti chache tu, na anayerudi nayo mara kwa mara achunguzwe. Fidia siiungi mkono hata kidogo, kwani kila noti iliyochapwa gizani ingepata mnunuzi wa uhakika, naye ni Serikali.

Ninachoomba tukijadili ni huo muda. Siku tatu zinamtosha mfanyabiashara wa mjini, lakini mfugaji wa Longido aliyelipwa mnadani na kurudi bomani atahitaji angalau wiki mbili.