Mrejesho: Goblin ya zamani iliyokuwa inatoa cheche

Wakuu, asanteni sana. Ile mashine ya kufyonza vumbi niliyouliza, Goblin ya Uingereza yenye cheche na harufu ya kuungua, sasa inazunguka safi.

Kaboni, yaani vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zilikuwa zimeisha hadi springi hazizisukumi tena. Saizi yake haipatikani, kwa hiyo ushauri wa kuchukua kaboni za grainda, nene kidogo, ndio uliofaa: unazisugua kwenye msasa mpaka ziteleze kwenye nyumba yake bila kukwama wala kucheza. Komutata, ile silinda ya shaba inayoguswa na kaboni, isuguliwe kwa msasa laini wa karatasi, namba 400, kisha unga mweusi utolewe kwa kijiti kwenye mifereji iliyo kati ya vipande vyake vya shaba. Msasa mweusi wa chuma usiuguse, chembe zake zinaweza kupiga shoti. Harufu ilitoka kwenye kapasita ya karatasi. Mpya niliyoweka badala yake ni 0.1 mikrofaradi, daraja X2, yaani ya kuunganishwa kati ya nyaya za umeme wa nyumbani.

Aliyeeleza herufi BVC, yaani British Vacuum Cleaner, ubarikiwe. Ni kampuni ya Hubert Cecil Booth, yule Mwingereza wa 1901 ambaye mashine yake ya kufyonza vumbi ilivutwa na farasi na kuachwa barabarani, mipira ya kunyonyea ikapitishwa madirishani. Historia tamu sana!

Mpira wa kunyonyea umeshindikana. Kiraka kinashika paliponyooka, penye mkunjo kinaachia kwa sababu raba imekakamaa. Hapo ni kutafuta mwingine wenye kipenyo kilekile.