Tupeane uzoefu: Mwezi uliopita ulisoma nini, na muda uliutoa wapi?

Karani wa Hadwea (Kisumu)

Hamjambo wote. Nina kaunta buku moja nyumbani. Nusu ya kwanza ni hesabu za mayai, biashara iliyonishinda mwaka juzi. Nusu ya pili, tangu Januari, naandika kila kitabu ninachomaliza, na mwisho wa mwezi napiga mstari na kujumlisha.

Januari vitabu vitatu, maana Njaanuari hakuna aliye na nauli ya kwenda kutembea. Februari viwili. Machi kimoja, tena chembamba. Aprili nimeandika sifuri na kuizungushia wino mwekundu kama mwalimu wa hesabu.

Nilidhani ni kazi. Mimi hukaa kaunta ya hadwea hapa mjini kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, naandika risiti za misumari na mabati. Kisha simu ikanitumia ile ripoti yake ya wiki, ya muda ninaokaa nikiitazama: saa 4 na dakika 50 kwa siku. Nikachukua kikokotoo cha dukani, nikazidisha kwa siku 30. Saa 145. Kitabu cha kurasa 250 mimi hukimaliza kwa saa nane hivi. Hiyo hesabu sikuendelea nayo.

Sitaki tushindane nani amesoma vingi. Nielezeni mwezi wenu ulikwendaje na hizo dakika za kusoma mnazitoa wapi. Kama hukusoma, sema kilichokula muda wako.

Boda wa Mamboleo

Dada, mimi nasoma nikingoja abiria. Stejini kwetu tuko kumi na wawili na tunabeba kwa foleni, ukishampeleka mteja unarudi nyuma ya mstari. Asubuhi hakuna nafasi. Lakini kuanzia saa nne hadi saa nane, jua la Kisumu likishashika, unaweza kukaa dakika arobaini bila kuitwa. Wenzangu wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda.

Shida ni kubeba kitabu. Mfukoni mwa jaketi hakiingii, chini ya kiti kuna spana na oili. Kwa hivyo nilikikata vipande vitatu kwa wembe, nikatia gundi kila kipande mgongoni. Cha kwanza na cha pili nilivimaliza kwa wiki mbili. Cha tatu kilianguka siku ya mvua, sijui ni Kondele ama ni Nyamasaria. Mpaka leo sijui nani alimuua yule mlinzi wa ghala.

Mwalimu Mstaafu (Vihiga)

Umekata kitabu kwa wembe? Kijana wangu. Nimefundisha miaka 34 na kuna watu niliwatuma waje na mzazi kwa kosa dogo kuliko hilo.

Boda wa Mamboleo

Mwalimu nisamehe. Kilikuwa cha shilingi 50, cha inama uchague. Hata jalada hakikuwa nalo.

Zamu ya Usiku (Kakamega)

Mimi ni muuguzi. Wodini sisomi. Ukifungua kitabu halafu mgonjwa aite, unajiona kama mwizi aliyeshikwa. Kwa hivyo nasoma kwa masikio. Natoka Chavakali kwenda kazini na matatu, sikio moja nina kitabu, lingine namwachia kondakta. Mwezi uliopita nilimaliza viwili hivyo, na cha tatu niko katikati.

Bando ndiyo ingenimaliza, kwa hivyo napakua nikiwa kwa dada yangu aliye na waifai. Vya Kiswahili nimepata vichache mno, na kimoja kilisomwa na mashine iliyotamka ng'ombe kama mtu aliyefungwa plasta mdomoni. Nilikivumilia hadi sura ya pili.

Mwalimu Mstaafu (Vihiga)

Binti, hongera kwa kazi, lakini kusikiliza si kusoma.

Zamu ya Usiku (Kakamega)

Mwalimu, wakati kitabu cha fasihi kilikuwa kimoja kwa wanafunzi wanne, si nyinyi mlitusomea mbele tukisikiliza? Tulikuwa tunafanya nini?

Mwalimu Mstaafu (Vihiga)

Hapo umenishika.

Basi na mimi niseme yangu. Kila siku nasoma gazeti la jana. Jirani hulinunua Luanda, akimaliza ananipa asubuhi inayofuata, na habari haziozi kwa siku moja. Nalisoma mpaka matangazo ya vifo, ambayo kwa umri wangu ndiyo kurasa za marafiki.

Vitabu naazima. Nikienda Kakamega kwa shughuli za benki napitia maktaba ya umma. Nimegundua kitu kuhusu nafsi yangu: kitabu changu mwenyewe naweza kukaa nacho miaka mitatu, alama iko ukurasa wa 40. Cha kuazima nakimaliza, kwa sababu ile karatasi iliyogongwa muhuri wa tarehe inanitazama kila nikifungua. Mke wangu anasema hata dawa za presha singezimeza kama zisingekuwa na tarehe.

Mjengo Tayari

Mimi sijafungua kitabu tangu mtihani wa KCSE 2009 na nimejenga.

Karani wa Hadwea (Kisumu)

Mjengo, hongera. Umesoma mazungumzo haya yote kutoka juu?

Mjengo Tayari

Ndiyo.

Karani wa Hadwea (Kisumu)

Nimekuandikia kwenye kaunta buku. Kurasa mbili.

Mama Pacha (Nakuru)

Niko Section 58. Kwa muda mrefu nilijiita msomaji kwa sababu nilikuwa na vitabu kwenye rafu, tena nimevipanga kwa urefu. Ukweli ni kwamba nikishalaza watoto nilikuwa nafungua simu niangalie video moja, nikija kushtuka ni saa sita na mkono umekufa ganzi.

Kilichonigeuza ni stima. Mnakumbuka Ijumaa ile, tarehe 25 Agosti 2023, giza liliposhika karibu nchi nzima? Simu yangu ilikuwa asilimia tisa. Pacha wangu walikuwa wadogo, na walikuwa na kitabu cha hadithi cha shule, kile ambacho mwalimu anataka mzazi atie sahihi kwamba amemsikiliza mtoto akisoma. Mtaala wa CBC huo. Mimi nilikuwa natia sahihi tu, Jumatatu hadi Ijumaa, wakati mwingine zote tano kwa mkupuo mmoja Alhamisi usiku.

Usiku ule hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Nikawasha taa ya sola tunayotumia kwenda choo cha nje kwa shosho, tukajipanga kwenye kochi, nikawasomea hadithi nne. Mmoja akaniambia, "Mum, kumbe unajua sauti ya fisi!" Miaka yote ile hakuwa amenisikia nikiwa fisi.

Stima iliporudi walikimbilia katuni na mimi nikakimbilia chaja, nisiwadanganye. Lakini Jumatatu jioni yule mdogo, mdogo kwa dakika ishirini, alikuja na kitabu mkononi na taa ya sola, akaenda akazima swichi ya sebuleni mwenyewe. Alikuwa ameamua kwamba hadithi husomwa gizani. Sikumrekebisha. Mpaka leo saa mbili usiku tunazima, na tokeni zinadumu kidogo.

Wiki ya wageni hatusomi. Wiki ya mitihani hatusomi. Mwezi uliopita tulimaliza vitabu kumi na kimoja, na kimoja kati ya hivyo, cha fisi, tulikirudia mara sita. Cha watu wazima nilisoma nusu. Sasa Karani, sijui utaniandika wapi.

Karani wa Hadwea (Kisumu)

Mama Pacha, nimekaa na swali lako tangu chakula cha mchana. Nitaandika kumi na kimoja na nusu. Fisi namhesabu mara moja, samahani.

Mitumba ya Vitabu (Nakuru)

Mimi huuza vitabu vya mitumba hapa Nakuru mjini. (Tangu Desemba 2021 ni jiji, lakini vumbi ni lile lile.) Ngoja niwaambie mwezi unavyoonekana kutoka upande wangu wa meza.

Kuanzia tarehe 28 hadi tarehe 7 watu wananunua. Baadaye wanapapasa. Wanachukua kitabu, wanasoma nyuma, wanasoma ukurasa wa kwanza wamesimama hapo dakika kumi, wanakirudisha taratibu kama mtoto aliyelala. Siwafukuzi. Kuna kijana mmoja alimaliza riwaya nzima hivyo, kwa awamu, akitoka kazini. Siku ya mwisho alinishukuru na hakununua kitu.

Vitabu vipya niliviacha. Sheria ya VAT ya 2013 ilileta kodi ya asilimia 16 kwenye vitabu. Kitabu cha shilingi 800 kinakuwa 928 kabla sijaweka changu. Mtu akifikiria bei ya unga anakirudisha. Wakubwa wanaotuambia hatusomi wangeanzia hapo.

Na nimejifunza kuwajua wateja. Anayeuliza kitabu kinene cha kupanga sebuleni hatakisoma. Msomaji hufungua kwanza nyuma kabisa, ahakikishe kurasa za mwisho ziko.

Zamu ya Usiku (Kakamega)

Hiyo ya kufungua nyuma ni mimi. Niliwahi kuuziwa riwaya ya mapenzi iliyoishia mlangoni mwa kanisa.

Mgeni wa Treni

Yangu ni fupi. Treni ya abiria ya Kisumu iliporudi Desemba 2021 nilianza kuipanda nikienda Nairobi. Ni usiku mzima, mtandao unakatika porini, na aliye karibu nawe hulala kabla hata mji haujaisha. Safari moja kitabu kimoja. Nikipanda basi nasoma kurasa tano natapika.

Karani wa Hadwea (Kisumu)

Asanteni. Niwape ripoti ya Mei hadi leo: kimoja na robo. Nilijaribu ya Boda, kusoma kaunta wateja wakipungua, lakini fundi mmoja akaniuliza kama nasomea kazi nyingine na bosi akasikia. Sasa ninasoma chakula cha mchana, dakika ishirini, samaki mkono mmoja. Kurasa zinanuka omena.

Mitumba ya Vitabu (Nakuru)

Boda, nimekumbuka. Hicho kitabu chako kiliitwaje? Nina kimoja hapa cha mlinzi na ghala, jalada lipo, kurasa za mwisho zipo, nimehakikisha.

Boda wa Mamboleo

Jina silijui, nimesema hakikuwa na jalada. Lakini mlinzi alikuwa na mke aliyeuza ng'ombe bila kumwambia, na funguo zilipatikana ndani ya debe la mahindi.

Mitumba ya Vitabu (Nakuru)

Hapa naona debe. Ng'ombe sijamwona bado. Soma sentensi ya kwanza ya sura ya tatu tulinganishe.

Boda wa Mamboleo

Ngoja nitoe kipande cha kwanza kwa jaketi. Sura ya tatu inaanza... subiri kidogo, ni zamu yangu, nimepata mteja wa Nyamasaria.