Naomba ushauri: nitaitulizaje besi kubwa ninapopiga nikiwa nimesimama?

Kijana wa Langoni, Lamu

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninapiga besi katika kikundi kidogo cha taarabu hapa Lamu. Besi yetu ni ile kubwa ya mbao yenye nyuzi nne, ya kipimo cha robo tatu, nasi tuliirithi kutoka kwa kikundi kilichovunjika. Harusini husimama nayo usiku kucha, na taabu yangu ni mbili. Kwanza, ncha ya mguu wa chuma ambao besi husimamia huteleza juu ya sakafu za chokaa. Pili, kila mkono wangu wa kushoto unaposhuka kufuata sauti za juu, ala nzima hujizungusha, nami hujikuta nimeishikilia kwa kidole gumba ambacho kingepaswa kutembea huru pamoja na vidole vingine, hata ikifika alfajiri kiganja kimekufa ganzi. Niliufunga mguu huo kwa kamba kwenye kiti, kiti nacho kikaburutwa. Sasa nafikiria kumpelekea fundi wa majahazi aitoboe besi upya kwa chini ili mguu ukae mshazari. Je, ni salama?

Mpiga Fidla, Unguja

Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Nakusihi usiitoboe. Wazo lenyewe ni jema: mguu wa mshazari aliufanya ujulikane François Rabbath, mpiga besi mzaliwa wa Aleppo, Syria, aliyeishi Ufaransa, na fundi Mfaransa Christian Laborie ana namna yake ya kuuchomeka kwa pembe katika gogo la chini la ala. Faida yake ni kwamba besi hulala zaidi upande wa mpigaji, kitovu cha uzito wake kikakaribia kuwa juu ya ncha ya mguu, na mkono wa kushoto ukapumzika. Lakini gogo hilo ndilo linalohimili mvuto wa nyuzi zote nne, na fundi wa jahazi, hata awe bingwa wa kuchonga mbao nene, hajazoea ubavu wa ala ambao unene wake ni kama milimita mbili tu. Usiukunje mguu wa chuma pia, kwa sababu mkunjo huo huweza kulitikisa tundu lake na kuumiza mbao.

Jambo jingine: usizilegeze nyuzi zote kwa pamoja. Ndani ya besi, karibu na mguu mmoja wa daraja, yaani kile kibao kinachoinua nyuzi, kuna kijiti kilichosimama bila gundi, kikishikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, nacho kikianguka utahitaji fundi wa ala kukirudisha.

Seremala wa Malindi

Bwana, kiti kiliburutwa kwa sababu kilikuwa chepesi kuliko besi ikisukumwa. Tumia uzito wako mwenyewe. Chukua ubao wa plaiwudi wenye unene wa sentimita mbili, mpana kiasi cha wewe kusimama juu yake kwa miguu yote miwili na besi ikiwa mbele yako. Upande wa chini gundisha vipande vya mpira wa tairi, kama ule wa akala. Upande wa juu, pale mguu wa besi unapotua, kaza kwa skurubu kipande cha mbambakofi ulichokichimba vishimo vitatu au vinne visivyotoboka, kila kimoja mbali kidogo na mwenzake, ili uweze kubadilisha ulalo wa besi kwa kuhamisha ncha tu. Kabla ya kuchimba, simama na besi kwa siku kadhaa huku ukitia alama za chaki, kwa maana urefu wa mtu na wa mikono yake ndio unaoamua. Ukiwa juu ya ubao huo hauwezi kuteleza, kwa kuwa wewe ndiwe nanga yake.

Bint Shela

Kuhusu kujizungusha, shona mto mdogo wa sufi, uuvike kitambaa safi cha pamba, kisha uuning'inize kwa utepe kutoka kwenye kisigino cha shingo, uangukie pale ukingo wa nyuma unapogusa nyonga yako ya kushoto. Usigundishe sponji kwenye vanishi, kwani huiharibu. Goti la kushoto nalo liguse mgongo wa besi kwa chini.

Kijana wa Langoni, Lamu

Nawashukuru sana. Kutoboa nimeghairi. Ubao umekamilika, na kuteleza kumekwisha kabisa. Nilichagua kishimo cha tatu, kilicho mbali zaidi nami, ingawa ilinilazimu kuurefusha mguu kidogo, kwa sababu besi ikilala zaidi hushuka kimo na uta wa kupigia nyuzi ukanilazimisha kuinama. Mto wa Bint Shela umepunguza mzunguko, si wote, lakini kidole gumba sasa kinatembea. Nilichoongeza mwenyewe ni mkanda wa kubebea ubao begani, kwani harusi ijayo iko Shela, na besi na ubao vitapanda mashua moja.