Tupeane uzoefu: jiko la gesi na hewa ya chumvi ya Mombasa

Wa Bamburi
Salaam aleikum waungwana. Naanzisha uzi huu kwa sababu kila nyumba ninayoingia, Kisauni, Tudor, hata Mji wa Kale, nakuta jiko ni lile lile: vichomeo vinne, viwili vinawaka vizuri, cha tatu kinatoa moto wa manjano, cha nne kimegeuzwa pahali pa kuwekea birika. Ukiuliza, unaambiwa limezeeka. Jiko la juzi tu, limezeeka lini?

Mimi naona majiko yetu hayafi kwa uzee. Yanauliwa na chumvi ya baharini na tui la nazi, na mengi ya hayo yanayotupwa yalikuwa yanadai kuoshwa tu.

Langu limekaa jikoni ambako dirisha linaangalia bahari. Msimu wa kusi upepo unaingia moja kwa moja, na ukipitisha kidole juu ya jiko asubuhi unahisi chumvi. Vile vichwa vya vichomeo ni alumini, basi hutoa unga mweupe ambao taratibu huziba vitundu. Hata bati la stenlesi hupata vijidoa vya kutu, wala si kwamba uliuziwa feki, chumvi hutoboa hata stenlesi ikiachwa ikakaa. Ninachofanya: kila wiki nafuta jiko zima kwa kitambaa cha maji matamu kisha kikavu, na vichwa navitoa, navisugua kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Havirudi mahali pake mpaka vikauke kabisa. Hili la kukauka ndilo watu hulipuuza, na ndilo linaloleta moto wa kurukaruka.

Mpaka wangu ni huu: kichomeo na kila kilicho juu yake ni kazi yangu. Mpira wa gesi naukagua na kuubadilisha mwenyewe. Valvu zilizo ndani ya jiko namwachia fundi. Sasa nanyi leteni yenu: kiliharibika nini, ulijuaje, ukakitengeneza vipi.

Bi Wali wa Nazi, Majengo
Wa Bamburi umenitaja bila kunitaja. Kwangu chumvi haina shida, shida ni tui. Ukigeuka kidogo tu kukuna nazi ya pili, la kwanza lishafurika. Likimwagika juu ya kichomeo cha moto huganda papo hapo, na sukari na mafuta ya nazi yakiungua pamoja yanakuwa gamba ambalo kitambaa hakiligusi. Utaona moto unawaka nusu duara, upande mmoja kimya. Hapo wengi huongeza gesi. Haisaidii, vitundu vya upande ule vimezibwa.

Navizamisha vichwa kwenye maji ya moto na sabuni tangu baada ya isha hadi alfajiri, kisha kila kitundu nakipitisha pini. Mara nyingine huwa ni yale maji ya samaki wa kupaka, hayo ndiyo mabaya zaidi, maana yana ndimu na chumvi juu ya tui.

Tahadhari moja: jirani yangu alisikia kostiki soda husafisha kila kitu, akaiyeyusha akatia vichwa vyake. Maji yakaanza kuchemka yenyewe bila moto, na alipovitoa vilikuwa vimeliwa kingo zote.

Mwalimu Mstaafu, Tudor
Bi Wali, huyo jirani yako ana bahati hakuwasha kiberiti karibu. Kostiki ikikutana na alumini hutoa haidrojeni, na haidrojeni inawaka. Nimefundisha kemia miaka mingi, na hili ndilo somo ninalolirudia kwa wajukuu jikoni.

Lakini nilitaka kusema juu ya rangi ya moto, maana watu hapa pwani hudanganyika. Moto mzuri ni wa buluu, sote twajua. Sasa kuna aina mbili za moto usiokuwa buluu na haziponi kwa dawa moja.

Ya kwanza: moto ni buluu, umesimama imara, ila unapita cheche au michirizi ya rangi ya chungwa kisha inapotea. Tazama chini ya sufuria, hakuna masizi. Hiyo ni chumvi iliyo hewani, au vumbi lililoinuka ulipofagia. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi ikipata joto la moto hutoa rangi ile ya manjano-chungwa hata ikiwa kidogo mno. Ukipiga deki huku jiko linawaka utaiona. Haina madhara na haihitaji fundi.

Ya pili: ncha za moto ni za manjano, ndefu, legelege, na sufuria inatoka nyeusi. Huo ni moto unaokosa hewa. Gesi inapaswa kuchanganyika na hewa kabla ya kufika kwenye vitundu. Njia ya hewa ikiziba, au gesi ikitoka nyingi kuliko hewa, haiungui yote. Masizi ni ile kaboni iliyobaki, na pamoja nayo hutoka kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua. Moto wa namna hiyo usipike nao madirisha yakiwa yamefungwa, na usiungoje ujitengeneze.

Nimeona mtu akilipa fundi kwa aina ya kwanza, na akivumilia ya pili mwaka mzima kwa kusugua masufuria.

Kijana wa Likoni
Mwalimu, asante sana kwa hilo. Langu ni fupi. Jiko letu lilikuwa linapiga spaki lenyewe usiku, ta-ta-ta-ta, hakuna aliyeligusa. Bibi akaanza kusoma ayatul kursi. Kumbe ni unyevu uliokuwa umeingia kwenye swichi iliyo chini ya vile vitufe vya kuzungushia gesi, mchana dada alikuwa ameliosha kwa maji mengi. Tulichomoa plagi ukutani, tukavua vile vya kuzungushia, tukaacha feni ielekee pale mpaka kesho yake. Likatulia. Siku hizi tunafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, hatumwagi maji.

Na ikiwa spaki imekufa kabisa kwenye kichomeo kimoja tu, tazama kile kijiti cheupe cha kauri. Kikipata ufa umeme hutorokea pembeni. Kiberiti kinafanya kazi vilevile, lakini washa kiberiti kwanza ndipo ufungue gesi.

Fundi Mwembe Tayari
Nimesoma yote. Wengi mmesema kweli na mnanipunguzia kazi, lakini haya.

Nianze na kile kijitundu cha shaba kilicho chini ya kichomeo, sisi twakiita jeti. Ukitoa kichwa cha kichomeo utakiona ndani katikati. Watu wakiona moto mdogo huchukua sindano ya kushonea wakakichokonoa. Shaba ni laini, sindano ni chuma, kitundu kinapanuka bila wewe kuona, na kuanzia siku hiyo una masizi mpaka ununue jeti mpya. Kijiti cha meno nacho hukatikia humo. Tumia uzi mmoja wa waya wa umeme, ule wa shaba mwembamba, au kifungue ukipulize.

La pili ni majiko ya kontena. Mombasa ni bandari, kila siku naitwa kwa jiko zuri la mtumba kutoka Uingereza, zito, oveni mbili, mwenye nyumba analalamika moto mrefu wa manjano. Huko majumbani mwao gesi huja kwa bomba, ni methani, kwa mgandamizo wa milibaa 20. Yetu ya mtungi ni propani na butani, regulata, kile kifaa cha mdomoni mwa mtungi kinachopunguza mgandamizo, huitoa karibu milibaa 30, na kwa ujazo ule ule ina joto zaidi ya mara mbili. Jeti za gesi yao ni pana mno kwa gesi yetu. Soma namba iliyopigwa kwenye jeti. Ya kichomeo kikubwa cha gesi ya bomba mara nyingi huwa 115 au hapo karibu, yaani milimita 1.15. Ya gesi ya mtungi mara nyingi ni 85. Ukiona namba kubwa, usibadilishe regulata, usibadilishe mtungi, badilisha jeti zote, za oveni nazo. Ukinunua jiko kama hilo muulize muuzaji jeti kabla hujauliza bei.

La tatu litawachekesha. Oveni isiyotumika tangu Ramadhani, ukiiwasha moto unarudi nyuma kwa kishindo au hauwaki kabisa. Ndani ya lile bomba la kichomeo mna buibui, au nyigu amejenga udongo wake. Nimetoa nyumba za nyigu Nyali, nimezitoa Changamwe. Brashi ndefu ya kusafishia chupa inatosha.

La nne: ukiwasha, moto unashika, ukiachilia mkono unazima. Usiseme jiko bovu. Kuna kijiti kinachosimama kando ya moto, themokapo. Kikipata joto hutoa umeme kidogo unaoshikilia valvu wazi, moto ukizimika kinapoa na gesi inajifunga. Ni mlinzi wako. Kikipakwa masizi au kikilegea hakipati joto. Kipitishe msasa laini, hakikisha kinaguswa na moto, kisha bonyeza uhesabu hadi kumi au kumi na tano kabla ya kuachilia. Ikishindikana kinabadilishwa. Wako mafundi wanaokifunga kabisa ili mteja asisumbuke. Huyo mfukuze.

Na la mwisho, kile cha kuzungusha kikikaza usitie mafuta ya kupikia. Yataungua humo yawe gundi. Grisi ya valvu za gesi ni maalumu, hustahimili joto, na kuipaka ni lazima valvu ifunguliwe. Hiyo ndiyo kazi yangu, niachieni.

Mama Biriani, Kongowea
Fundi, ungekuja kwangu mapema ningekuwa na kioo bado. Mimi hupika kwa tenda ndogo ndogo, na jiko langu lilikuwa la juu ya kioo. Sufuria ya biriani ya harusi nikaiweka juu ya vichomeo viwili, pana kuliko jiko lenyewe. Joto likakosa pa kutokea, likarudi chini. Vile vya plastiki vya kuzungushia vililainika kwanza, kisha kioo kikapasuka chote vipande vidogo vidogo. Shukuru Mola hakuna aliyeumia. Sufuria kubwa sasa ziko uani kwenye kuni na jiko kubwa la chuma, la ndani limebaki la chai na mahamri.

Ghorofa ya Tatu, Mikindani
Shida yetu sisi ni panya. Mpira wetu ulipita nyuma ya jiko, pale pasipofika ufagio. Tukaanza kunusa gesi asubuhi tu, mchana hakuna. Mume wangu anasema ni mtungi unaisha. Nikachukua sabuni ya vyombo na maji, nikakoroga povu, nikafungua mtungi huku jiko limezimwa, nikapaka kuanzia regulata nikishuka na mpira. Nyuma kabisa mapovu yakaanza kuvimba. Meno ya panya, wazi kabisa.

Tuliweka mpira wenye suka la chuma juu, na klipu mbili, kila upande moja, na tukaupitisha mbali na mgongo wa oveni maana pale pana joto la kuukausha. Mpira huwa na tarehe iliyochapwa, isomeni. Wetu ulikuwa umepitwa nayo zamani.

Mwalimu Mstaafu, Tudor
Umefanya vyema sana mwanangu. Niongeze kidogo: gesi yenyewe haina harufu, ile harufu hutiwa makusudi kiwandani ili mjue. Tena ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kukaa chini ya kabati. Ukiinusa funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote, hata ya feni, hata ya kuzima. Asubuhi huwa inasikika zaidi kwa sababu nyumba ililala imefungwa.

Kijana wa Likoni
Swali kwa Fundi. Nimehamia chumba kimoja nina meko ya kilo 6, ule mtungi mdogo wenye kichomeo juu yake. Naweza kuunga jiko la vichomeo viwili hapo hapo?

Fundi Mwembe Tayari
Waweza, lakini kwa regulata ya kilo 6. Ya kilo 13 haikai hapo, mdomo ni mwingine, na nimeona watu wakiilazimisha kwa utepe. Na ukifungua kile kichwa cha meko tazama kiduara cha mpira kilicho ndani ya mdomo wa mtungi. Kikiwa kimepasuka au hakipo rudisha mtungi ulikoununua wakubadilishie. Kisha povu, kama alivyofanya dada wa Mikindani. Kila ukibadilisha mtungi, povu.

Bi Wali wa Nazi, Majengo
Na mie nina langu la oveni. Mkate wa sinia unaiva juu na chini, upande wa mlangoni mbichi. Ni thamostati, kile kidhibiti joto cha oveni?

Fundi Mwembe Tayari
Kabla ya thamostati funga mlango wa oveni na kipande cha karatasi katikati, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, ule mpira wa mlangoni umekauka na joto linatoroka hapo. Fanya hivyo pembe zote. Mpira huo unauzwa kwa mita na unauvalisha mwenyewe kwa vile vindoano vyake. Ukishauweka na mkate bado mbichi, nipigie.