Deikea ya nyumba: pampasi, uji, sabuni na tishu ni nani anafaa kununua?

MamaTaji_Umoja

Habari zenu wazazi. Nisaidieni na hii maneno kabla sijagombana na mtu, ju huyu mama wa deikea tunaishi naye ploti moja na tunapatana kwa ngazi kila asubuhi. Mtoto wangu ako na miezi kumi. Nilimpeleka kwake ju ni karibu na mimi natoka mapema sana kwenda Indastria. Tulielewana 4,000 kwa mwezi, natuma kwa M-Pesa tarehe za kwanza kwanza, basi, hakuna kitu tuliandika. Mwanzoni alikuwa anapika uji yeye mwenyewe na mimi napeleka pampasi na waipsi, tulikuwa sawa tu. Saa hii ameanza kutuma meseji kwa grupu ya wazazi, eti kila mtu alete tishu rola nne, sabuni ya kipande, sukari kilo mbili na pakiti ya unga wa uji, kila mwezi, na pesa iko pale pale 4,000.

Hiyo hata ningemeza. Kinaniuma ni pampasi. Naweka tano kwa begi asubuhi, jioni nachukua mtoto amevaa moja imejaa hadi inaning'inia karibu na magoti, na begi haina hata moja. Nikiuliza yule msichana anamsaidia naambiwa "aliharisha". Kuharisha gani inakuja kila wiki na nyumbani choo chake ni sawa kabisa? Juzi nikaona mtoto wa mtu mwingine amevaa pampasi kama zangu, ile aina ya maua ya bluu ambayo hata kioski yetu haiuzi, mimi huibeba kutoka tao. Sasa kwani ni mimi nafadhili watoto wa ploti mzima? Kwenu nani ananunua nini? Na nikimwambia nimwambieje bila mtoto kuanza kubaguliwa huko ndani, ju hiyo ndio naogopa kuliko pesa.

KijanaWaPipeline

"Aliharisha" 😂😂 hiyo jibu wanafundishwa wapi jameni, hata kwetu ni hiyo hiyo.

BabaWawili_Donholm

Mama Taji pole. Mimi nitakupigia hesabu ju watu wanaongea hii kitu na hasira bila kuhesabu. Mtoto akikaa huko kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili, anatumia kama pampasi nne. Ukinunua moja moja kwa kioski, tuseme 25, hiyo ni 100 kwa siku, na kama unafanya hadi Jumamosi ni siku 26, hapo ni 2,600. Kwa hiyo mzazi anayesema deikea ya 4,000 itoe kila kitu anamwambia yule mama abaki na 1,400 ya kulipa nyumba, gesi, maji, msichana, na chakula cha mtoto. Haiwezekani. Pampasi ni zako, hapo usibishane naye utashindwa.

Lakini sukari kilo mbili kwa mtoto mmoja wa miezi kumi? Akiwa na watoto kumi hizo ni kilo ishirini kwa mwezi, anapika uji ama anafungua hoteli? Hiyo ndio mahali ungeanzia kuuliza. Na uliza na heshima, ju inawezekana bei ya vitu imempanda na anaogopa kusema "naongeza pesa", so anaongeza kwa mlango wa nyuma. Wengi wao hufanya hivyo. Heri angesema 4,500 tujue moja.

AntiWaKayole

Mimi nikona deikea, nyumba yangu mwenyewe hapa Kayole, na nimesoma hii yote nikitikisa kichwa ju mnaongea kama hakuna mwenye deikea anasoma.

Mama Taji kwanza hiyo ya pampasi nikueleze venye inafanyikanga, simtetei mtu. Asubuhi wanakuja watoto kumi na wawili. Kuna mama ameweka tano kama wewe, kuna mwingine ameweka moja na anasema "anti nitakuletea zingine saa sita", na wewe unajua na mimi najua saa sita hakuna mtu anakuja. Huyo mtoto akijinyea saa nne nitamfanya nini? Nimwache akae hivyo aungue hadi mamake atoke kazi? So nachukua kwa begi ya mwenye anazo. Kuchukua si shida, shida ni kukosa kusema na kukosa kurudisha. Mimi nikona daftari, nikitoa pampasi ya Taji nipatie mtoto mwingine naandika, na jioni yule mama mwingine anapatiwa deni kwa mlango, halipi huyo mtoto kesho anarudi na mamake. Wananiita mkali. Sawa.

Na vitu vyangu haviko kwa mabegi hata, ju begi kila mtu anaingiza mkono. Niliuliza mama mboga na wa chapati wakaniwekea mikebe ya Kimbo ile kubwa, nikaibandika selotepu juu, jina la mtoto kwa maka, imepangwa kwa rafu. Pampasi, waipsi, mafuta yake ya kupaka, chupi mbili, zote ndani ya mkebe wake. Mzazi akija jioni anafungua anaona zimebaki ngapi kwa macho yake. Hakuna story ya kuharisha.

Sasa sheria yangu ni moja: kitu chenye kinagusa mwili wa mtoto mmoja peke yake kinatoka kwao, na kitu chenye kinaingia kwa sufuria ya wote kinatoka kwangu na kiko ndani ya ile pesa unalipa. Tishu na sabuni ni zangu, ju mimi ndio naosha mikono mara mia kwa siku. Sukari yangu. Unga wangu, nachanganya wimbi na mahindi, sitii njugu ju nilikuwa na mtoto mmoja akiguza njugu anavimba mdomo.

Chakula ndio nataka mnielewe ju wazazi wengi hamjawahi kaa kwa deikea saa saba. Zamani nilikuwa naambia kila mtu alete chakula ya mtoto wake. Aki ilikuwa vita. Gesi moja, vikopo kumi na viwili vya kupasha, kingine kimevuja kwa begi, kingine kimeharibika tangu asubuhi. Na mbaya zaidi, mtoto mmoja amefungua chapo na kuku, huyu wa karibu naye ako na wali mkavu, hana mboga. Mtoto wa miaka mbili hajui umaskini ni nini lakini kuku anaijua. Anakaa anaangalia tu mkono wa mwenzake ukienda mdomoni. Nikaona hapana. Sasa wote wanakula sufuria moja, leo ndengu, kesho mchele na viazi, na nikapandisha pesa, wazazi wawili wakaondoka, waliobaki hawajawahi lalamika.

MamaPacha_Ruaka

Mimi napingana kidogo na Anti. Kwetu huku Ruaka deikea inaleta mzozo juu ya hiyo sufuria moja, ju mtu anapika kwa mafuta mengi na royko hadi uji unakuwa na rangi, kila mtoto anakohoa. Wangu wawili wanabeba chakula chao na sitaacha. Nalipa pesa zaidi ya hiyo na bado nabeba. Mtoto ni wako, tumbo utaliuguza wewe usiku.

AntiWaKayole

Mama Pacha nani anatia royko kwa uji? 😂 Hiyo si deikea, mtoe huko.

Mama_Mchanga254

Samahani nadandia. Likizo yangu ya miezi mitatu inaisha, narudi kazi, mtoto hajaanza uji. Hapo sufuria ya wote haiko. Maziwa napeleka venye gani na nikae na amani?

Nesi_Eastlands

Mama Mchanga hapo kila kitu ni chako, usikubali deikea ikununulie maziwa ya kopo ikupee bili. Kama unakamua, maziwa ya mama kwa joto la kawaida la nyumba yanakaa masaa manne. Hiyo ni nyumba yenye baridi kiasi, kama ni chumba cha mabati saa saba mchana usihesabu hayo manne. Kwa friji yanakaa siku nne, so uliza kama anti ako na friji na kama stima hupotea hupotea huko. Yapimie vikombe vidogo vidogo usiweke yote mahali pamoja, ju mtoto akishaanza kunywa hicho kikombe, yatakayobaki ni ya kumwaga ndani ya masaa mawili. Na nimesema kikombe makusudi, chupa kuosha vizuri na maji yetu ya mgao ni kazi, watoto wengi wanaharisha kwa ajili ya nyonyo ya chupa tu.

Kama ni ya kopo, usitengeneze saa kumi na mbili asubuhi uache anywe saa tano, tafadhali. Hiyo ikishachanganywa mwisho ni masaa mawili. Pima unga mkavu kwa kikopo kisafi, peleka na flaski ya maji yaliyochemka yakiwa bado moto sana, anti achanganye wakati mtoto anataka, apoeze, ampe. Maji moto yanaua vijidudu vyenye vinaweza kuwa ndani ya huo unga.

Na huko kazini kwenu uliza chumba cha kukamulia. Sheria ya afya ya 2017 inataka mwajiri awe nacho. Wengi wanajifanya hawajasikia.

Kitu kingine hakuna mtu amegusa hapa ni dawa. Dawa isiwe kwa orodha ya vitu vya deikea kabisa. Ukiona deikea inaitisha kila mzazi chupa ya ile dawa ya mafua yenye inaleta usingizi, ati "ya kuweka tu", toa mtoto hiyo siku hiyo. Nimeona watoto wanaletwa kliniki wamelegea, mama anashangaa mbona mtoto akienda deikea analala mchana wote na usiku ni macho. Kama mtoto wako ako kwa dawa ya daktari, beba yako, imeandikwa jina, kipimo na saa, na irudi na wewe jioni.

BabaWawili_Donholm

Nesi asante, hiyo ya dawa niliisikia mtaani nikadhani ni uvumi.

Niongeze kitu, kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya hizi deikea 2017, zinafaa kusajiliwa. Mama Taji huyo wako uliza kama amejisajili. Lakini usimtishie nayo ju ya pampasi, hiyo ni kuua mbu na nyundo. Pampasi ni makubaliano yenu nyinyi wawili, andikeni kwa karatasi hata ya daftari.

KijanaWaPipeline

Na nepi za kitambaa? Mamangu alitulea nazo watoto watano, hakuna pampasi ilinunuliwa.

AntiWaKayole

Kijana mamako alikuwa anakulea wewe, hakuwa na kumi na mbili. Huku kwetu maji yanakuja siku yanazotaka yenyewe, zingine zote nanunua mtungi. Wa nepi za kitambaa sikatai, lakini mzazi alete za kutosha na ndoo ndogo yenye kifuniko, nikitoa naweka humo anaenda kufua kwake. Juala za plastiki zilipigwa marufuku 2017 so hata ya kumfungia apeleke nyumbani sina. Na mkiniona naitisha shilingi mia kila mwezi ya takataka msipige kelele, wale vijana wa kubeba taka wakiona gunia ya pampasi bei inabadilika hapo hapo.

MamaTaji_Umoja

Asanteni sana, hii ya mikebe nimeipenda ju hapo hakuna mtu analaumiwa. Nimefikiria nisimwambie chochote cha pampasi kuibiwa. Jumamosi nikienda kulipa nitambebea mikebe kama sita hivi, mama wa mandazi wa hapa chini huwa nazo nyingi, nimwambie niliona mahali wanapanga hivyo inakaa poa. Sukari nitapeleka nusu kilo halafu nimuulize kama anataka tuongeze mia tatu tuwache hizi orodha. Akikataa kabisa ndio nitajua.

KijanaWaPipeline

Swali la mwisho, poti je? Ya kwake ama ya mzazi?

Nesi_Eastlands

Ya mzazi. Na imeandikwa jina kwa chini.

AntiWaKayole

Jina kwa chini litafutika na Jik. Andika kwa ubavu.