Naomba ushauri: kunguru na panya wanaharibu sahani ya ndege wangu

Habari zenu wakuu. Naishi Mbezi, Dar. Tangu mwaka jana naweka mtama, uwele na kipande cha papai kwenye sahani niliyoitundika mwembeni. Wakaja shore, tetere, shomoro, hata minana wakajenga viota juu ya mti. Raha tupu asubuhi na chai.

Sasa kunguru wamegundua. Ni hawa wenye shingo ya kijivu, jamaa zao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wasafishe taka, leo wanasafisha viota vyangu. Wiki iliyopita wamebeba makinda mawili ya mnana nikiwa naangalia. Na usiku panya wanaokota mtama ulioanguka chini.

Nimetundika CD za zamani zing'ae: kunguru walikimbia siku mbili, ya tatu wakazizoea. Nimezungushia sahani wavu wa kuku. Shomoro wanapita, tetere wanabaki nje wananitazama. Manati sitaki, kuna watoto wa jirani.

Jirani huyo ananishauri nitege sumu ya panya. Nasita, kwa sababu nina paka, na kuna bundi anayekaa mnazi wa pili.

Maswali yangu ni mawili tu. Nikiacha kulisha kwa wiki kadhaa, kunguru watahama au watabaki kwa sababu ya viota? Na panya nitawadhibiti vipi bila sumu, zaidi ya kufagia jioni?

Picha ya sahani ninayo, anayetaka kuiona aseme. Natanguliza shukrani.